Sungura Walionyimwa Mayai

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa nalisha sungura katika maabara ndogo mjini Kakamega. Watu wa kwetu Malinya walinicheka: msichana aliyesoma, kazi yake kukatia sungura majani! Wacheke tu. Baba alikuwa ameshafariki, na mshahara ule ndio uliowasomesha wadogo zangu.

Mkubwa wangu kazini alikuwa daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alitaka kujua kama mafuta na kolesteroli ya chakula huongeza kolesteroli katika damu. Sungura sita walikula majani na pumba tu. Sita wengine walikula vivyo hivyo, ila pumba yao ilichanganywa na samli na viini vya mayai. Kila baada ya wiki kadhaa aliwatoa damu sikioni na kuipima.

Sasa, kwetu mwanamke hakula kuku wala mayai. Nilikua nikiwatazama kaka zangu wakimenya mayai, nami nameza mate. Nilipowaona wale sita wa majani wamekodoa macho huku wenzao wakila, roho iliniuma. Nikawa nawagawia kidogo kidogo, najiona mwema kweli, mjinga mimi!

Kolesteroli katika damu ya wale wa majani nayo ikapanda. Daktari alipima tena na tena, mwisho akasema pengine chakula hakiongezi kolesteroli, na kwamba ataandika hivyo. Nilijua nikifungua mdomo nitafukuzwa, na wadogo zangu watatolewa shuleni. Siku mbili niliendelea kukata majani kama kawaida. Siku ya tatu nikamwendea.

"Daktari, ni mimi. Nilikuwa napeanga hao wengine mayai."

"Kwa nini, dada?"

"Niliwahurumia. Hata mimi nilikuwa nanyimwanga."

Alivua miwani. Kisha akavuta kiti, akanieleza kwa nini ni lazima kundi moja lisiguse mayai kabisa, ili tuwe na cha kulinganisha. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Tukaanza upya na sungura wapya. Safari hii kolesteroli ya wala majani ilitulia, na ya wala mayai ikapanda sana.

Sikufukuzwa. Namshukuru daktari yule mpaka leo. Alipomwandikia mkubwa wake Nairobi kueleza kwa nini kazi imechelewa, alinisomea barua kabla ya kuifunga. Mimi sikutajwa popote. Alikuwa ameandika kwamba kosa lilikuwa lake.