Gitaa la Ipyana

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya namna hii, cheka kabisa sasa hivi umalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Niliyoyaona Kisondela niliyaona kwa macho haya haya, mchana, sijaonja hata tone la pombe. Mke wangu alinishauri nisiyaseme kwa watu. Nayasema kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi naishi Msasani, hapa Tukuyu, na kazi yangu ni magitaa ya zamani. Nanunua, natengeneza, nawauzia wanakwaya. Hasa gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme. Watu huniita niwapimie kabla hawajatoa hela zao, kwa sababu gitaa kuukuu lina uongo mwingi: nje rangi inang'aa, ndani limeoza. Mimi rangi siitazami. Nalishika kama anayelenga bunduki, nachungulia shingo nione imenyooka au imepinda. Napapasa ubao wa mbele, pale nyuzi zinapofungiwa, kama umevimba. Nagonga kwa kidole nasikiliza. Mwisho natia pua kwenye tundu lake na kunusa, maana kwa mvua zetu hizi mbao huvunda kimya kimya. Sijawahi kudanganyika. Nasema hivyo ili unielewe, si kujisifu. Haya, kidogo najisifu.

Basi mwanakwaya mmoja akaniletea salamu kwamba kuna mama Kisondela anauza gitaa. Nikapanda bodaboda. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, saa tisa alasiri unadhani giza linaingia.

Nikapokewa na Mama Ipyana, mjane, mwembamba, kanga imekazwa kiunoni. "Ndaga, tata, umefika," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akiniita baba. Kabla hata sijakaa akanionyesha kwa kidole pembeni mwa nyumba, migombani. Palikuwa na tuta la udongo na msalaba wa mti. Ipyana, mwanawe wa pekee, alianguka na pikipiki akitoka mazoezi ya kwaya. Makaburi ya jirani yamejengewa saruji, mengine yana vigae. La mwanawe lilikuwa linaliwa na mvua.

"Mvua inamnyeshea mwanangu," akaniambia. "Nikiuza gitaa lake nitamjengea."

Akalitoa ndani, akalifuta kwa ncha ya kanga, akaliweka kwenye benchi la barazani. Gitaa lenyewe babu yake Ipyana alirudi nalo kutoka migodini Zambia, zamani za ujana wake. Kisha mama akaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kunichemshia chai.

Nikiwa bado sijaligusa, kijana akatokea upande wa migombani. Akaniamkia, akakaa mwisho wa benchi, mikono kaibana katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi. Nikajua ni wa nyumba ile. Wewe ungedhani nini?

"Umekuja kulichukua, kaka?"

"Nimekuja kulitazama kwanza."

"Utapoteza hela yako bure. Chungulia shingo."

Nikachungulia. Imepinda, tena vibaya.

"Gonga hapo mbele."

Nikagonga. Likajibu kama chungu chenye ufa.

"Nusa ndani."

Nikanusa. Niamini, lilinuka udongo mbichi, udongo uliochimbwa leo.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Huyu alikuwa anavutia kwangu mimi mnunuzi! Nikamwambia, "Kijana, biashara huiwezi wewe." Akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha uso ukamtulia. "Mwambie mama halifai," akasema. "Mwambie alirudishe ndani tu, akae nalo." Akainuka, akarudi njia ile ile aliyojia. Gitaa hakuligusa hata mara moja.

Mama akaja na vikombe viwili. Nikamwambia ukweli nilioupima kwa mikono yangu: gitaa halina thamani. 

"Hata mfuko wa saruji halipati?"

"Hata kijana wako mwenyewe kaniambia, mama."

"Kijana yupi?"

"Huyu aliyetoka hapa sasa hivi."

"Tata, mimi nilikuwa na mmoja tu."

 Nilitaka kunyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akaniuliza, "Alicheka?" Nikasema ndiyo, alijiziba mdomo. Akaweka vikombe chini polepole. Ipyana alivunjika jino la mbele utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mparachichi, na tangu hapo hakucheka bila kujiziba.

Nilitegemea atapiga yowe. Hakupiga. Aliuliza mwanawe alikaa wapi, nikamwonyesha, akaweka kiganja chake pale kwenye benchi, akakiacha hapo.

"Tangu nimzike silifungi komeo la mlango," akasema. "Namwita. Sijamwona hata ndotoni. Halafu anakuja kwa mnunuzi wa magitaa?"

 

Ili nifanye kitu tu, nikalishika gitaa tena. Shingo imenyooka. Nikagonga, mlio ukaja mpaka kifuani mwangu. Nikanusa, mbao kavu, safi. Lilikuwa gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kushika, na nikamwambia hivyo, na kwamba nitampa fedha ya kujengea kaburi na nyingine ibaki. Akatikisa kichwa.

"Mwenyewe amekataa. Mimi ni nani niuze?"

Ningefurahi kama yangeishia hapo. Baada ya muda akanitumia tena salamu, niende kununua gitaa. Nilipofika akasema hauzi. "Alikuja kwa sababu ulitaka kulichukua. Litake tena." Nikakaa barazani peke yangu, yeye akajificha jikoni. Nikalisifu gitaa kwa sauti, nikaliponda, nikataja bei. Hakuja mtu.

Safari nyingine akaniambia nilichukue kweli, niondoke nalo. Nikalibeba kwapani, nikashika njia ya kwenda barabarani, ukungu umetanda. Yeye nyuma yangu, anaangaza migomba ya kulia, anaangaza ya kushoto, anasema kwa sauti ndogo: "Ipyana, linaondoka. Linaondoka, mwanangu." Njia nzima hivyo. Nilikuwa nalia, sikuthubutu kugeuka.

Tulipofika barabarani nikageuka. Tulikuwa wawili tu. Nikamrudishia gitaa, akavua kanga ya mabegani akalifunika lisilowe, akarudi nalo nyumbani akinyeshewa.

Bado ananiita, hasa siku za ukungu, na bado naenda. Nitakataaje? Nimemwomba nimjengee kaburi kwa hela yangu, amekataa. Anasema Ipyana akija tena atasema mwenyewe anataka nini. Tuta limekwisha kabisa, imebaki ardhi tambarare na msalaba umeinama.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenunua vitu vya marehemu. Ukikuta mtu anakueleza kasoro za kitu, msikilize, kiache hicho kitu, aga, nenda zako, na uliyoyaona yafie kwako. Usimwambie mama yake. Mama Ipyana alikuwa na kilio, na kilio kina siku yake ya kuanua matanga. Mimi nikamwambia mwanawe alikuja. Sasa hamlilii tena, anamsubiri.