Macho ya Wangeci Wakati wa Maombi

Wangeci, mama wa Githae, anayekaa mtaa wa Landless, amepika chai katika ofisi moja ya Thika mjini kwa miaka kumi na moja. Ofisi iko orofa ya nne. Chai yake ni ya maziwa na tangawizi kidogo. Lakini ukimuuliza anafanya kazi gani, hataji chai. Anakwambia, "Mimi huombea ofisi."

Na ni kweli. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, watu kumi na wawili walikuwa wakisimama mduara, wanashikana mikono, wanafumba macho, na Wangeci anaomba. Aliwataja wote kwa majina, na watoto wao, na yule mwenye kesi ya shamba. Dakika hizo kumi, mama wa chai ndiye alikuwa mkubwa. Hata meneja, Bwana Mutiso, aliinamisha kichwa.

Halafu akaja Ngina, msichana wa mapokezi, kutoka mtaa wa Kahawa Sukari, sauti kama kinanda. Jumatatu yake ya tatu, Bwana Mutiso akasema, "Leo tumpe Ngina. Mama Githae, wewe pumzika kidogo."

Pumzika! Nani alisema amechoka?

Ngina aliomba vizuri, hapo hakuna ubishi. Watu waliitikia mpaka wa orofa ya chini wakauliza kuna nini. Wakati wa chai, Jackie wa hesabu akasema, "Mama, umesikia huo moto? Wewe huwa unaomba kama mtu anabembeleza mtoto alale."

"Na hamjaamka salama miaka hiyo yote?" Wangeci akacheka. Siku hiyo Ngina alipewa kikombe chenye ufa.

Jumatatu iliyofuata akaitwa Ngina tena. Wakashikana mikono. Wangeci hakufumba macho. Mungu amsamehe, alitaka tu kuona nani anaitikia kwa moyo na nani anajipendekeza. Akaanza kuhesabu amina. Zikafika kumi na saba.

"Shuka, Bwana!" Ngina akapaza sauti. "Shuka hapa hapa ofisini!"

Na sakafu ikatikisika.

"Ameshuka!" Jackie akalia, machozi yanamtiririka. Bwana Mutiso, na suti yake, akapiga magoti. Hakuna aliyefungua macho. Walizidi tu kushikana.

Wivu ukampanda Wangeci kama maziwa yakichemka. Miaka kumi na moja, Bwana, nimekuita kila Jumatatu, na hukunitikisia hata kiti. Huyu wa juzi ndiye unamtikisia jengo zima?

Kisha akaona vikombe. Vilikuwa vinatembea kwenye sinia, vyote pamoja, vikielekea ukingoni. Na nyuma ya Ngina, kabati la chuma la mafaili likainama mbele, likarudi, likainama tena.

Akajua kwamba ni ardhi inayotikisika. Alijua, na akanyamaza. Si muda mrefu, ni kama wa kusema amina moja. Lakini alinyamaza.

Ndipo akapiga nduru. "Fungueni macho! Ni tetemeko!" Akamvuta Ngina kwa sweta, wakaanguka wote wawili chini ya meza. Kabati likaja chini kwa kishindo, pale pale msichana alipokuwa amesimama.

Ardhi ilipotulia wakashuka ngazi mbio mpaka nje, magari yanapoegeshwa. Hakuna aliyeumia, ila goti la Wangeci lilichubuka.

Bwana Mutiso alikuwa na vumbi magotini. "Mama Githae, sisi wote tulikuwa tumefumba macho, Mungu akakuonyesha wewe. Nilikosea. Kuanzia Jumatatu maombi yanarudi kwako."

Ndilo neno alilongoja tangu aambiwe apumzike. Ilibaki kusema asante tu.

Ngina akamshika mkono. "Mama, umeniokoa. Ulionaje?"

Wangeci akakitazama kiganja cha msichana, baridi kama maji.

"Sikuwa nimefumba macho, mwanangu. Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa nahesabu vile wanakuitikia. Na hilo kabati niliona kabla sijapiga kelele."

"Uui, Mama!" Jackie akasema.

"Kabla kiasi gani?" Ngina akauliza.

"Amina moja."

Ngina akaachilia mkono wake. Akatazama juu, orofa ya nne. Halafu akauliza polepole, "Na zilikuwa zimefika ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mimi nilikuwa nimehesabu ishirini," Ngina akasema, na akaangua kicheko huku analia.

Jumatatu hii kabati limefungwa ukutani kwa skrubu. Bwana Mutiso alikohoa, akamtazama Wangeci. Wangeci akamgeukia Ngina, akasema, "Mtoto aombe."

Akafumba macho, akayabana mpaka yakauma. Masikio hayafumbiki. Moja, mbili, tatu. Zilipofika tisa akaona afadhali aitikie na yeye, kwa sauti kubwa, apoteze hesabu.