Nahodha Asiyejua Kupiga Kafi

Siku moja ya uasi ule wa zamani naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, maana siku hiyo nilikoma kumcheka baba mkwe wangu.

Sisi watu wa Kindu neno nahodha tumelirithi. Babu zetu walitoka nalo pwani. Bahari wakaiacha huko huko, neno wakalibeba kwa miguu mpaka mto huu wa Lualaba. Huku likapata kazi nyingi. Mume ni nahodha, nami wangu nilimwita hivyo hasa nilipotaka kitenge cha sikukuu. Mama anayegawa mboga ya sombe harusini naye ni nahodha, na ole wako umkasirishe. Mwenye mtumbwi pia. Baba mkwe, Mzee Ramazani, alikuwa na mtumbwi, lakini kafi hakujua hata kulishika. Alikaa tu mbele akiitwa nahodha, nami, mke kijana, nikijificha nicheke. Usiyemdhania ndiye.

Basi risasi zikaanza kulia upande wa stesheni. Tukakimbilia mtoni na baba mkwe tuvuke kwenda Alunguli, ng'ambo, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Watu wakajaa mtumbwini, maji yakakaribia ukingo. Mpiga kafi akakataa kuondoka.

"Mutumbu umejaa. Mutu moja ashuke, ao tutakufa wote."

Tukatazamana, kila mtu akimwona mwenzake ndiye mzito. Mzee Ramazani akainuka polepole, akashuka, maji yakamfika magotini.

"Baba, rudia!" nikamwambia. "Mutumbu iko yako!"

"Njo maana nashuka, binti yangu. Muende."

Tulivuka salama. Yeye hatukumwona tena, wala kaburi lake hatulijui. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nasikia vijana wa pikipiki hapa Alunguli wamekuchagua nahodha wao, na jambo la kwanza ulilotaka ni pikipiki yako ipate abiria kabla ya zote. Kuishi kwingi ni kuona mengi! Mwanangu, cheo ni dhamana. Siku za raha kila mtu ni nahodha. Mambo yakiwa mazito, usitafute wa kumshusha. Jitazame wewe kwanza. Na penye abiria, waache wenzako watangulie.

Mtoto yule wa mgongoni ndiye baba yako. Mungu akupe moyo wa yule mzee, na akuepushe na siku kama ile. Amina.