Muhogo Uliokataa Kulainika

Wamama wa Kasongo, munaniona na fimbo. Zamani kwetu Lusangi nilipanda mulima na kitunga cha mihogo kichwani, mutoto mugongoni, na bado niliimba.

Mihogo yetu ni ile michungu. Lazima ilale ndani ya maji mpaka ilainike, sumu itoke. Tuliiloweka mutoni, kama mama zetu.

Kisha kampuni ya kusafisha zahabu ikaja kukaa huko juu, ikamwaga dawa zake mutoni. Samaki walikufa. Hata utelezi wa kwenye mawe ukaisha. Tukaenda kulalamika. Mukubwa wao akacheka: "Wamama, maji iko safi, munaona mpaka chini! Munataka matope?" Mujinga wa viatu vya kung'aa! Hata nguruwe hunusa kwanza.

Mihogo ikabaki migumu kama kuni. Lakini njaa ilikuwa nyumbani. Nikaianika, nikaitwanga, tukala bugali yenye uchungu.

Asubuhi moja nilitoka kwenda shamba, magoti yakatetemeka, nikaanguka. Miguu ilikaza kama mbao. Nilitambaa kwenda chooni, na mara nyingine sikufika.

Bwana yangu akasema, "Umelogwa."

"Mulozi tutamutafuta baadaye," nikamujibu. "Nipeleke kwa munganga wa hospitali."

Alinisukuma kwa baiskeli mpaka hapa Kasongo. Munganga akanigonga goti, muguu ukaruka wenyewe.

"Mama, mihogo munaloweka wapi?"

Nikamweleza.

"Huu ugonjwa ni konzo. Vidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho ndivyo vinalainisha muhogo. Dawa za zahabu zimeviua, sumu ikabaki ndani ya bugali yako."

"Nitatembea?"

"Utatembea, lakini si kama zamani."

Bwana yangu alifunga miti miwili uani. Nilijishika hapo, nikaanguka, nikalia, nikasimama tena. Leo ninafika sokoni kwa miguu yangu. Asante kwa Mungu, asante kwa bwana yangu.

Yule mukubwa alisikia, akanitumia fulana yenye jina la kampuni. Anaua muto, kisha anagawa fulana! Nimeifanya tambara la choo.

Wamama, muhogo ukiwa bado mugumu, musiule, hata njaa ikiuma. Sisi sasa tunaloweka ndani ya pipa, kwa maji ya kisima, na tunabakiza kidogo maji tuliyolowekea mbele, ili vidudu viendelee kuzaana. Bonyezeni kwanza. Kidole kikiingia bila nguvu, ndipo mupikie watoto.