Jipu niliyopima kwa ndoo tatu za maji

Mufiche jina langu, tafazali. Mi ni muzee wa myaka makumi munane na saba, meno imebaki ine, na muntu mweusi wa kwanza kuendesha jipu hapa Baraka ni mimi. Batoto yangu banajua hiyo habari, bajukuu banaisimulia shuleni.

Uongo. Nilikuwa muosha-motokari. Kwa muzungu mumoja wa pamba nilipewa ndoo na kitambaa, na muchana akilala nilikuwa naingia ndani, nashika usukani, nafanya "vuuu" na mudomo. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tatu, maana hesabu na mimi hatukupatana. Hiyo uongo ya kwanza haina shida. Yenye kunichoma ni ya pili, na wiki iliyopita imesimamisha ndoa ya batoto babili benye hawana kosa.

Niko na yaya, dada yangu mukubwa, angali muzima. Mujukuu wake amepata muchumba kule Fizi, binti wa heshima, anaimba kwaya. Siku bazee bamekaa kupanga mahari, yaya akauliza ukoo wa binti. Kusikia jina la babu yake tu, akaweka kikombe chini. "Damu ya yule muongo haitakula kwa sahani yangu." Mimi nikaangalia chai yangu kama kuna kitu kimeandikwa ndani. Yule babu hakusema uongo hata siku moja. Muongo alikuwa pale pale, anakunywa chai.

Sikilizeni. Ni myaka ya Babeleji, uhuru ungali mbali kidogo. Yaya alikuwa mujane, anakausha ndakala, zile dagaa za ziwa letu. Alitaka kuzipeleka Lulimba yeye mwenyewe, kwa bachimba zahabu, aache kubebesha bantu vikapu vyote vile kwa kichwa. Muzungu wangu naye alikuwa anarudi kwao, anauzisha jipu mbili za zamani. Nikamwambia yaya, "Motokari mi naijua kuliko bwana yake." Yaya hakuwa mujinga, akaita pia fundi mumoja aliyesomea kazi Albertville. Ndiye yule babu; tumwite Mathayo.

Jipu moja ilikuwa mbaya kama dhambi. Haina milango, kioo kimepasuka, kiti kimoja ni sanduku ya sabuni. Ingine ya kijani, rangi mupya, inang'aa. Mi mutoto wa ziwa, baba yangu alikuwa anatengeneza mitumbwi ya mbao. Kwetu chombo kinapimwa kwa maji. Basi nikamwaga ndoo tatu ndani ya ile ya kijani, nikalala chini, nikangojea. Hata tone moja! Ile mbaya nikamwaga ndoo moja, maji yote ikatoka chini, puu.

"Fundi, umeona? Ya kijani haivuji!"

Mathayo akacheka mpaka akashika kiuno. "We mutoto, unanunua motokari ama mutumbwi? Motokari unataka maji itoke. Hii bameipaka godro, ile lami ya barabara, chini mahali pote. Muntu hapaki godro bure, kuna kitu anaficha." Akaingia chini, akagonga na nyundo. Ikalia kama mutungi wenye ufa. "Chuma ya katikati imekufa. Chukua ile mbaya, injini yake nimeisikiliza, ni nzima. Milango mutatengeneza ya mbao, kiti mutashona cha ngozi ya mbuzi, pole pole itakuwa motokari."

Yaya alikuwa kule kwa baraza, anaongea bei na muzungu. Akanituma nilete neno la fundi. Ni hatua makumi mbili tu. Lakini kwa hizo hatua nikajiona napita sokoni na sanduku ya sabuni chini ya matako, babinti banacheka. Nikafika, nikasema, "Fundi anasema tuchukue ya kijani."

Mathayo alikuwa amekwisha kwenda kwa kazi yake ingine, yaya akalipa. Tukaijenga vizuri, kweli. Seremala wa mitumbwi akafunga mbao za kuzuia vikapu, turubai ikatoka kwa gunia za pamba, na gurudumu moja lililokataa kiraka tukalijaza majani. Tukapata shofere, mi nikakaa pembeni kama waziri. Siku ya kwanza, kwenye mulima wa kwenda Lulimba, ikakatika katikati kama muhogo. Ndakala zote kwenye matope, na mvua ikaja kuzimalizia. Jasho la yaya la myaka mbili.

Akamufuata Mathayo sokoni, mbele ya bantu bote. "Si we ulisema ya kijani?" Yule baba akaniangalia mimi, akasema na sauti ndogo, "Mutoto, mwambie."

Nikasema, "Ni wewe ulisema."

Hakugombana. Alichukua mufuko wake wa vyuma, akaenda. Bantu bakaacha kumupelekea kazi, akapanda Fizi, akafia kule. Nilikuwa na myaka kumi na tisa, nikasema nitamuomba musamaha mwezi ujao. Miezi imekuwa mingi.

Sasa muniambie, ninyi benye kusoma, nianze wapi? Nikimwambia yaya, ana myaka makumi kenda na mbili, pengine moyo wake utakataa kupiga. Nikinyamaza, bale batoto banaachana kwa sababu yangu. Mukitaka kunitukana mutukane, lakini kisha matusi mushauri pia.

Na wewe mwenye huu ukurasa, usijifanye hunijui. Siku ya ndoa yako viti makumi mbili vilitoka kwangu, viwili vikarudi na miguu mitatu, sikusema neno. Ukasema, "Muzee, niko na deni yako." Basi lipa hivi: siku ya Mungu, kisha misa, twende wote kwa yaya. Usiseme kitu. Ukae tu kwenye mulango, nisipate pa kutokea.