Waliosema Ndiyo, Ila

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kadi, basi. Kwa miaka ishirini na mmoja alikaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, akiwaandikia watu kadi za kliniki kwa mwandiko wa mviringo ambao hata mganga aliuonea wivu. Alijua nani ana presha, nani anamficha mumewe ugonjwa wa sukari, na binti gani alikuja kupima mimba akiwa amevaa miwani ya jua ya shangazi yake, akidhani hatambuliki. Yote hayo yaliingia masikioni mwake yakafia humo humo. Ndiyo maana hata alipostaafu, kila nyumba aliyopita aliambiwa akaribie, na kiti kikafutwa vumbi.

Kazi ile aliletewa na wifi yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, lakini kwa kweli alikuwa kama mtoto wa kumzaa. Miaka minne ya chuo aliishi kwa Mama Kadi, akilala chumba kimoja na wanawe, akifunua sufuria bila kuomba ruhusa. Sasa alikuwa msimamizi katika kampuni iliyopewa kazi ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mageuzi ya huduma za afya.

"Wifi, nina kazi ya mwezi mmoja, inakufaa wewe kuliko mtu yeyote," alisema. "Wanataka kuunganisha zahanati ndogo na hospitali kuu. Kabla hawajaamua, wanataka kusikia watu wanasemaje."

"Wanataka kusikia kweli, au wameshaamua na sasa wanatafuta wa kuwapigia makofi?"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "We wifi nawe! Kama wameshaamua, mimi ningekuja kukusumbua?"

Mafunzo yalikuwa ya nusu siku. Dodoso lilikuwa na kurasa nne, na kiini chake kilikuwa swali la tisa: Je, unakubali zahanati ndogo ziunganishwe na hospitali kuu ili huduma ziwe bora? Palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na chini yake mistari miwili ya maelezo. Mama Kadi alinyoosha mkono.

"Na anayesema ndiyo, lakini kwa sharti?"

"Weka alama kwenye Ndiyo," wifi alijibu mbele ya wote, "halafu sharti lake liandike pale chini. Kila neno litasomwa."

Basi akaingia mitaani. Nyumba mia mbili na thelathini, kwa miguu, na viatu vya raba alivyomnyang'anya binti yake. Msusi alimjibu huku kashika chanuo kwa meno na kichwa cha mteja mapajani. "Waunganishe wanavyotaka, ila chumba cha kujifungulia kibaki hapa hapa. Huyu wangu wa pili nilimzaa dakika kumi baada ya kufika. Ingekuwa hospitali kuu, ningemzalia barabarani!" Mteja akacheka, naye Mama Kadi akaandika mpaka mistari miwili ikaisha, akaendelea pembeni mwa karatasi.

Seremala mstaafu, aliyevimba miguu na kushinda dirishani, alianza kwa kukataa. "Hawa wakubwa hawatanisoma."

"Lakini mimi ndiye ninayeandika, kaka."

Akamtazama kidogo. "Kwa kuwa ni wewe, sawa. Ndiyo, waunganishe, kama kutakuwa na daktari wa kweli. Ila dawa zangu za mwezi nizichukue hapa. Mimi kufika kituo cha basi tu ni safari. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Aliandika hivyo hivyo, akamsomea, na mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyumba baada ya nyumba mambo yalikuwa yale yale: ndiyo, ila. Wachache sana walisema ndiyo kavu. Mama Kadi alikabidhi madodoso yake yamefungwa kwa kamba, hakuna ukurasa uliokunjwa, moyo wake mweupe kabisa.

Wiki sita baadaye watu waliitwa kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi asubuhi, kusomewa matokeo. Mama Kadi alikaa safu ya tatu, amevaa gauni lake la kutokea. Afisa mmoja mwenye sauti nzuri alionyesha michoro ukutani, akasema asilimia sabini na nne ya wakazi wameunga mkono mageuzi, na kwa hiyo zahanati itafungwa na huduma zote zitahamia hospitali kuu.

Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Wala hatukuleta mgeni," afisa aliendelea, akitabasamu. "Aliyekusanya maoni haya ni mama yenu mwenyewe. Mama, simama wakuone."

Miguu yake ilitii kabla akili haijafika. Akasimama. Safu ya mbele ikapiga makofi, nyuma kimya. Halafu sauti ya msusi ikatoka karibu na mlango.

"Mama Kadi, mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia chumba kibaki."

"Sasa mbona hakibaki?"

Alimtafuta wifi yake kwa macho, akamwona kando ya jukwaa, ameinama, anakunja na kukunjua waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Hakuinua uso. Hapo ndipo Mama Kadi alipoelewa kwamba yule mtoto alijua.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi ya kampuni mpaka orofa ya tatu. Alikuta maboksi yamepangwa chini ya meza ya wifi yake. Kupitia boksi moja lililochanika aliona mwandiko wake mwenyewe.

"Yale maelezo ya watu yako wapi?"

"Wifi, kaa kwanza, unywe maji."

"Sikuja kunywa maji."

Wifi akashusha pumzi. "Kompyuta haisomi sentensi. Aliyewekewa alama kwenye Ndiyo anahesabiwa ndiyo. Ndivyo walivyotaka waliotupa kazi."

"Uliniambia kila neno litasomwa."

"Nilidhani tutapata muda."

"Ulidhani, au ulijua?"

Wifi alianza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Jamani wifi, nisingefanya hivyo angefanya mwingine. Halafu mtu mgeni wangemfungia milango. Wewe wanakuamini. Ndiyo maana nilikutaja wewe wa kwanza." Alilisema hilo kama anayetoa sifa.

"Kumbe si kwa ajili ya mwandiko," Mama Kadi alisema.

Akaomba apewe madodoso mawili tu, la msusi na la seremala, akawaonyeshe wenyewe kwamba hakugeuza neno. Wifi akajibu kuwa ni mali ya kampuni, na kwa ncha ya kiatu akalisukuma lile boksi lililochanika ndani zaidi chini ya meza.

Kile kitendo cha mguu ndicho kilichommaliza. Wakubwa kumchezea shere hakukumshangaza. Wakubwa hakuwahi kuwapikia. Huyu alimpikia miaka minne.

Siku mbili hakutoka nje. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akanunua daftari kubwa, akarudi kwenye milango ile ile. Alimkuta msusi anafagia nywele sakafuni.

"Leo unataka niseme nini, ili wakaandike nini?" Akavuta pazia.

Kwa seremala, mkewe alisema mzee amelala, na huku kikohozi chake kinasikika dirishani. Mara ya pili, vilevile amelala. Mara ya tatu sauti ikatoka ndani: "Mwache apite."

Mama Kadi alieleza yote, hakuficha hata habari ya wifi yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nipe kalamu," akasema. "Safari hii naandika mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu, lakini aliandika na akatia sahihi. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni: kila mtu aandike kwa mkono wake, Mama Kadi ashike daftari tu. Asiyejua kuandika alimwita mwanawe. Nyumba mia moja arobaini na moja ziliandika. Zilizobaki hazikumfungulia, na ya msusi ilikuwa mojawapo. Mama Kadi alilipeleka daftari kwenye ofisi ya wilaya, karani akaligonga muhuri wa kupokelewa, na baada ya miezi mitatu ikaja barua ya mistari minne. Maoni yamepokelewa, ilisema, na yatazingatiwa katika hatua zijazo. Mwisho wa mwezi huo huo mabenchi ya zahanati yalipakiwa kwenye lori.

Sasa Mama Kadi huenda hospitali kuu Jumanne na Ijumaa, mkobani kadi za wasioweza kutembea, akawapangia foleni ya dawa. Za seremala huwa juu. Msusi alipokaribia kujifungua wa tatu, ilibidi ahamie kwa dada yake aliye karibu na hospitali, wiki tatu nzima, duka limefungwa. Akikutana na Mama Kadi humsalimu, lakini kutokea ng'ambo ya barabara.

Wifi alikuja mara moja, alasiri, na keki ndani ya boksi. Mama Kadi alimkaribisha sebuleni, kwenye kiti cha wageni, akamletea chai kwenye trei.

"Na mimi niliamriwa, wifi," alisema, macho yamemlowa.

"Najua. Ungeniambia mapema, ningekuelewa. Lakini uliniacha nisimame mbele za watu, na wewe unajua."

Wifi alilia. Mama Kadi alisubiri amalize, kisha akamsindikiza mpaka getini na kumtakia safari njema. Siku hizi huonana misibani na kwenye harusi za ukoo. Husalimiana vizuri, huulizana habari za watoto, halafu kila mmoja hutafuta pa kukaa.