Mlango wa Mama Ukifunguka, Simu Humlilia

Saa sita mchana, chumba cha kupigia pasi kimejaa mvuke. Mwanamke ambaye wenzake humwita Fundi Pasi amelaza suruali mezani, mara simu inalia mfukoni mwa aproni. Anaipokea upesi. Kwa kawaida husikia mlango ukikwaruza. Leo anasikia honi za magari.

“Mungu wangu!” anamaka. “Ameing’oa, ametoka nayo.”

Aliyetoka ni mama yake mzazi, ambaye kumbukumbu zimekuwa zikimpotea kwa miaka minne sasa. Kilichong’olewa ni simu kuukuu, yenye kioo kilichopasuka, iliyobandikwa nyuma ya mlango wa nyumbani. Mlango ukifunguliwa, simu hiyo humpigia binti. Programu inayofanya hivyo ameiandika mwenyewe, kwenye kompyuta ya mtumba, akijifunza kwa video.

Mwanzoni alipakua programu ya watu. “Ilitaka intaneti muda wote,” anasimulia. “Siku moja ilikatika, taarifa ikanifikia mama ameshaletwa na majirani, magoti yanatoka damu. Walioitengeneza hawamjui mama yangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”

Ya kwake nayo ilimtoa jasho. Kila upepo ulipovuma, simu ililia.

“Nikawa napokea simu za upepo,” anasema akicheka. “Bosi akaniambia nichague: pasi au upepo.”

Akairekebisha mpaka ikajua kutofautisha mlango unaotikisika na unaofunguliwa. Kwamba mama angeibandua na kuondoka nayo, hilo halikumpitia akilini.

Sasa amesimama, simu sikioni. Mwenzake ameinyakua pasi kabla suruali haijaungua.

“Mama, unanisikia?”

“Wewe nani?”

“Mwanao. Uko wapi?”

“Naenda kwetu.”

“Mbele yako kuna nini?”

“Magari. Hayaishi!”

Akimwambia asivuke, atavuka. Mama hajawahi kupenda kuamrishwa.

“Umevaa viatu, mama?”

Honi. Kisha sauti ya mshangao: “Sina viatu!”

“Utafikaje kwetu miguu mitupu, watu wakuone? Kaa hapo hapo, nakuletea.”

“Basi fanya haraka.”

Bosi yule yule ameshawasha pikipiki nje. Njia nzima Fundi Pasi hakati simu. Anamwongelesha mama yake kuhusu rangi ya viatu, huku machozi yakimtiririka.

Wanamkuta ameketi ukingoni mwa barabara kuu iliyo karibu na nyumbani, malori yakimpitia karibu na magoti, akiifokea simu mapajani.

“Viko wapi?” anauliza.

Bintiye anavua vyake na kumvisha.

Jumapili hii ataiandika upya programu hiyo. Anataka mama akigusa tu kitasa, asikie sauti ya mwanawe: Mama, nisubiri, twende wote.

“Sijui siku hizi kwao ni wapi,” anasema. “Lakini akinisubiri, nitampeleka.”